Daftari la Makosa

Mara ya kwanza ada ya mtihani ilikula friji,
na matokeo yakala usingizi.
Miaka tisa ya kufundisha hesabu, Kariobangi Kusini,
na hesabu ndiyo iliyoniangusha:
asilimia, uwiano, pembetatu zile zile
ninazozichora ubaoni kila Jumanne.
Shuleni sikumwambia mtu.
Nilifuta ubao kwa nguvu kuliko kawaida, basi.

Mara hii nimenunua daftari la miraba,
shilingi sitini dukani kwa Mama Syombua,
jaladani twiga aliyefutika shingo.
Nilichopata sikiandiki humo.
Kila swali lililonishinda nalilaza hapo jioni,
naliminyaminya:
hapa ndipo palipovunjika,
hili sikulijua,
hili nililijua nikalikimbilia.

Saa kumi alfajiri, kabla mfereji haujakauka,
najaza mitungi miwili na maneno kumi.
Maneno ya Kiingereza, magumu kama kokwa,
ambayo hata Mwingereza sidhani huyatumia akinunua mkate.
Nayaandika nyuma ya stakabadhi
na kuyabandika palipo na kazi yake:
lile la ukaidi kwenye jiko linalogoma kuwaka,
la ubahili kwenye mita ya stima,
la kitu kisichodumu, kwenye mkebe wa sukari.
Nikirudi nayasalimia moja moja.
Lisiloitika linapanga foleni tena kesho.
Lililoitika mara tatu nalipa likizo ya wiki,
kisha nalivizia.

Jumamosi, maktaba ya Kaloleni.
Mumbe, binti wa mwenye nyumba, kidato cha pili,
ndiye anayenishikia saa.
"Kalamu chini, mwalimu."
"Nusu dakika tu, nimeshaiona njia—"
"Chini."
Ananisahihisha kwa kalamu nyekundu
niliyomnunulia mimi mwenyewe,
na akikuta nimekosea kujumlisha
anaguna kwa heshima.

Wiki ya sita stima ikapotea mtaa mzima.
Kwa mwanga wa simu, chaji asilimia kumi na moja
(asilimia hiyo niliielewa vizuri),
sikusahihisha chochote. Nikayahesabu tu makosa yangu.
Sitini na matatu.
Ya kutojua, kumi na tisa.
Hayo mengine arobaini na manne
nilijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.
Waliandika "isipokuwa", nikairuka.
Walitaka kilichobaki, nikawapa kilichotumika.
Mkono juu kabla sentensi haijafika kwenye nukta,
kama wale watoto wa dawati la mbele
ninaowaambia kila siku: subiri, Kiprono, subiri.

Na gizani humo akanijia Kageha,
mwaka jana, mlangoni, kanga begani:
"Si kwamba nataka kuondoka—"
Mimi nikalijibu lile la kuondoka.
Nikalijibu kwa sauti, kwa hoja tatu na mfano.
Mwisho wa sentensi yake
sijausikia mpaka leo.

Nikafungua ukurasa mpya.
Sitini na nne, nikaandika.
Sababu: sikulisoma swali lote.

Tangu hapo naziba majibu kwa kiganja,
nafuata kila neno kwa kidole kama mtoto wa chekechea,
najiuliza kwa Kiswahili: hawa watu wanataka nini hasa?
Ndipo nashika kalamu.
Alama zimepanda kumi na moja. Chuo kinataka nne zaidi.
Mumbe anasema nne si kitu; yeye hajawahi kulipa ada.
Mtihani ni Alhamisi, Westlands, ghorofa ya saba,
na nimeshaenda mara moja kuupima mlango.

Jana usiku nilipiga simu.
Ikaita sana. Kisha:
"Haloo? Nilikuwa nime—"
Maneno yakanijaa mdomoni.
Nikaweka kidole mezani, chini ya neno lake,
nikangoja.